Mizani ya Muuza Mkaa

Gerezani, saa nne asubuhi, mabati yameshaanza kutema moto.
Nimeshika flaiwili mpya,
nyepesi kama sinia la pilau lililokwisha kuliwa.
Shabiri, mwenye duka, anaigonga kwa pete yake: ting.
"Sikia," anasema. "Hii haina kitambi."

Ya kwangu ipo chini, kwenye gunia,
nyeusi, ina madoa ya buluu pale ilipoungua
siku niliyokwama mlima wa Kimara
na klachi ikanuka hadi kwenye chai za watu.

Tukaazima mizani ya muuza mkaa.
Ya zamani: kilo nane na nusu.
Mpya: nne na robo.
Muuza mkaa akacheka hadi akakohoa:
"Yaani unanunua kilichopungua kwa bei iliyozidi?"

Sikumjibu. Angenielewaje?
Altezza yangu, barabara ya Bagamoyo,
saa kumi na moja alfajiri, malori ya mchanga bado yamelala.
Gusa mafuta, mshale unaruka;
achia, unadondoka kama ndoo iliyokatika kamba.
Injini isiyobeba jana yake.
Nimeiota hiyo tangu sina hata leseni.

Lakini fundi Kondo, akishika spana, husema kwa vina:

    Klachi ya shaba na chuma
    hung'ata, haipapasi;
    mguu ukiutuma,
    gari laruka kwa kasi.

Kisha akafuta mikono, akaviacha vina:
"Flaiwili nzito ni mtu anayekumbuka.
Injini ikitaka kusahau kuzunguka, yeye anaikumbusha.
Hii nyepesi haikumbuki kitu. Pale mataa ya Buguruni
mguu ukiteleza kidogo tu, imezima.
Na nyuma yako kuna lori, na dereva wa lori hajalala."

Akaniazimia gari la Mwinshehe, mteja wake,
lililofungwa vyote viwili, klachi ya shaba na sahani nyepesi.
Kutoka Tabata hadi Buguruni likanizimikia mara tatu.
Gia ikiwa huru, giaboksi inachakacha
kama misumari ndani ya kopo la maziwa.
Goti la kushoto lilitetemeka mpaka jioni.
"Tamu, sio?" Mwinshehe akauliza.
Tamu. Nisiseme uongo.
Kati ya foleni na foleni
palikuwa na mita mia mbili, na zilikuwa tamu.

Halafu kuna Tunu.
Ana miaka kumi na nane, anajifunza Jumapili
kwenye uwanja wa vumbi huko Tegeta,
anaachia klachi kama anayebandua plasta kwenye kidonda:
yote, mara moja, macho yamefumbwa.
Gari linashtuka, linameza, linaendelea.
Linamsamehe.
Sikujua kwamba msamaha una uzito,
kwamba mtu anaweza kuuweka kwenye mizani yenye vumbi la mkaa
ukasoma: nne na robo.

Basi nikachukua klachi pleti ya nyuzi, ile laini,
na presha pleti ngumu kidogo kuliko ya kiwandani,
na beringi, maana ya zamani ilikuwa ikilia kama kifaranga.
Flaiwili ikabaki ileile.
Mkereza vyuma wa Keko akaisugua uso,
madoa ya buluu yakatoka, yote isipokuwa moja.
Kondo akakaza bolti, akanionya:
"Kilomita mia tano za kwanza usiipe fujo.
Iache izoeane na mwenzake."

Ninazihesabu. Zimebaki sitini na mbili.

Shabiri bado ananipigia simu.
"Bosi, sahani yako ipo. Nimeifunika gazeti, isipate kutu."
Muuzie mwingine, namwambia.
Nanyamaza kidogo.
Kisha namuuliza bei.